Mgeni Apitaye na Chungu cha Marseille

Katika nyumba za chakula za Marseille zilizoishika ada ya mji, mgeni aliyeagiza bouillabaisse, mchuzi wa samaki wa mji huo, haletewi chakula kwanza, bali huletewa samaki. Mtumishi wa mezani huja na sinia, samaki wamelala juu yake wazima, na miiba yao na macho yao yangali yakimetameta, akamtajia mgeni jina la kila mmoja, na mgeni akiisha kuridhika hurudi nao jikoni. Na baada ya kitambo, mchuzi ukiisha kuletwa na kunywewa, samaki wale wale hurudi mezani wameiva, wakapasuliwa na kutolewa miiba mbele ya macho ya yule yule atakayewala. Asiyejua khabari za mji huu aweza kudhani kwamba hayo ni madoido ya kuwafurahisha matajiri, na hakika bei yake ni ya matajiri. Lakini mwenye kuifuata ada hii nyuma, karne baada ya karne, ataona kwamba asili yake ni shaka, shaka ya kale baina ya mgeni wa bandarini na mpishi asiyemjua, na kwamba tarehe nzima ya kula katika mji ule ni tarehe ya namna shaka hiyo ilivyotafutiwa dawa.

Marseille ni mji mkongwe. Mabaharia Wayunani kutoka Phocaea, bandari ya Asia Ndogo, waliusimamisha yapata mwaka 600 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, penye hori nyembamba iingiayo barani kama kidole, na hori hiyo, ambayo leo huitwa Vieux-Port, yaani Bandari ya Kale, ndiyo iliyoulisha mji kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Sasa, katika kijiji cha bara mwenye kuuza chakula humuuzia jirani yake, na akimpunja leo atakutana naye kesho kisimani. Bali bandarini anayekula ni mtu aliyeshuka chomboni jana, ataondoka upepo ukigeuka, na huenda asirudi tena mpaka kufa kwake. Watu wa mwambao wetu, ambao waliwapokea wageni wa msimu tangu zama za majahazi yajayo na kaskazi na kurudi na kusi, hawana haja ya kuelezwa jambo hili. Mgeni wa namna hiyo ana fedha na ana njaa, hajui bei wala lugha, wala hana jamaa wa kumlalamikia. Ni kitu gani basi kimzuiacho mpishi asimlishe samaki wa juzi?

Chungu chenyewe hakikuanza kwa ajili ya wageni. Wavuvi wa pwani ile, wakirudi na mashua zao asubuhi, walikuwa wakiwatenga samaki wazuri kwa ajili ya soko, na wale wasionunulika, wadogo wadogo wa miambani, wenye vichwa vikubwa na nyama haba na miiba mikali, au waliochanwa na nyavu, waliwatia chunguni papo hapo ufukweni, wakawapika kwa maji ya bahari, wakala wao na watoto wao. Mkuu wa samaki hao ni yule aitwaye rascasse, mwekundu, mwenye uso wa kutisha na miiba yenye sumu, ambaye peke yake hana thamani kubwa mezani, lakini mchuzi usiokuwa naye, wasema wenyeji, hauna uhai. Kitunguu, kitunguu saumu, shamari na mafuta ya zeituni vilikuwa viungo vya kila nyumba. Nyanya zilifuata baadaye, kwa kuwa zilitoka Amerika, na zafarani ikaupa mchuzi rangi ile ya dhahabu ambayo kwayo hujulikana leo. Upishi wenyewe una siri moja tu, nayo ni moto. Yapasa chungu kichemke kwa nguvu, mafuta na maji yapigane mpaka yashikane yawe kitu kimoja kizito, samaki wenye nyama ngumu wakitangulia na wale laini wakiingia mwisho, kisha moto upunguzwe mara moja. Na jina la chakula, katika lugha ya zamani ya Provence, jimbo la mji huu, si kitu ila ni vitendo hivyo viwili vilivyounganishwa, kuchemsha na kupunguza. Kuna hadithi isemayo kwamba mungu wa kike wa Warumi, Venus, ndiye aliyeubuni mchuzi huu ili amlaze mumewe usingizi akatembee. Mimi nawasadiki zaidi wavuvi.

Neno letu mkahawa limetoka katika kahawa, na huko pia nyumba ya kahawa ilitangulia nyumba ya chakula. Mwaka 1644 mfanyabiashara mmoja wa Marseille, Pierre de La Roque, alirudi kutoka Istanbul na buni, pamoja na vikombe na vyombo vya kupikia kahawa, akawa akiwakirimu rafiki zake nyumbani. Na mwaka 1671, karibu na baraza walipokutania wafanyabiashara, ikafunguliwa nyumba ambayo huhesabiwa kuwa ndiyo ya kwanza ya kahawa katika Ufaransa, kabla Paris haijapata yake. Buni ilitoka Yaman, ikapitia Misri, na waliokaa katika nyumba ile ni mabaharia na wachuuzi waliozoea kinywaji hicho katika bandari za Mashariki, wala hawakuona sababu ya kukikosa kwao. Waganga wakaingiwa na khofu, na mwaka 1679 wakafanya mjadala wa hadhara katika jumba la mji ili wathibitishe kwamba kahawa huunguza damu na kudhoofisha mwili. Watu wakasikiliza, kisha wakaenda kunywa kahawa. Nalitaja jambo hili si kwa kutafuta kicheko, bali kwa sababu mgeni katika nyumba ya kahawa alipata kitu ambacho hakukipata mahali pengine: alinunua kitu kimoja, kwa bei moja inayojulikana, kikafanywa mbele yake, naye akakaa atakavyo bila kuulizwa ametoka wapi.

Kula kulikuwa jambo jingine. Msafiri wa siku zile alikula katika nyumba alimolala, kwenye meza moja ndefu iliyoitwa meza ya mwenyeji, kwa saa moja iliyowekwa, kwa malipo ya namna moja, na chakula kilikuwa kile kilichopikwa siku hiyo, akitaka asitake. Sahani ziliwekwa katikati, na aliyezizoea nyumba hizo alijua akae wapi ili mkono wake uifikie nyama kabla haijaisha, na mgeni mpya aliyeona haya akaondoka na mkate na mifupa. Palikuwa na uzuri wake katika meza hiyo, maana nahodha wa Genoa aliweza kukaa ubavuni pa mwuza nafaka wa Tunis, wakaelezana khabari za bei na za maharamia. Lakini kwa habari ya chakula chenyewe mgeni hakuwa na sauti. Ni Paris, katika nusu ya pili ya karne ya 18, ndipo zilipotokea nyumba za namna mpya, ambamo kila mtu alipewa meza yake, akasoma katika karatasi majina ya vyakula na bei zake, akachagua, akala saa aliyoitaka. Na hapo watu wa kusini wakawahi: mwaka 1786 watu watatu wa Provence, waliojiita Ndugu Watatu ingawa walikuwa wanyumba tu kwa kuoa dada watatu, walifungua Paris nyumba iliyopata sifa kubwa, wakawalisha watu wa mji mkuu vyakula vya kwao, na mchuzi wa wavuvi ukiwamo. Hivyo chungu cha ufukweni kilipanda daraja katika mji wa ugenini kabla hakijaheshimiwa kwao, jambo ambalo hutokea mara nyingi kwa vyakula kama litokeavyo kwa watu.

Karne ya 19 iliugeuza mji. Wafaransa walipoiteka Algiers mwaka 1830, Marseille ikawa mlango wa askari, wahamiaji na bidhaa. Na mwaka 1844 Ufaransa ilipofunga mkataba na Sayyid Said wa Zanzibar, matajiri wa Marseille wakapata njia iliyo wazi katika pwani yetu, ufuta na mbata zikapakiwa katika merikebu zao, zikaizunguka Afrika yote kwenda kukamuliwa mafuta ya kutengenezea sabuni ile mashuhuri ya mji huo. Mtu aweza kusema, wala asiwe mwongo, kwamba sehemu ya fedha iliyoandika meza za fahari za Marseille ilichumwa na wakulima wa Lamu na Mrima ambao hawakupata kuziona. Mwaka 1853 ilifunguliwa bandari mpya ya La Joliette, kwa kuwa Bandari ya Kale ilikuwa imebanana vyombo, na mwaka 1869 ukafunguliwa mfereji wa Suez, na tangu siku hiyo wengi waliokuwa wakienda Bara Hindi, Uchina, Madagaska au Zanzibar kutoka Ulaya ya magharibi walipenda kushuka garimoshi Marseille na kupanda meli. Mapadri wa kwanza wa Kifaransa waliojulikana kama White Fathers, ambao khabari zao zimeingia katika tarehe ya Tabora na ya Buganda, walitweka kutoka hapo mwaka 1878, wakashuka Unguja.

Wasafiri hawa hawakuwa mabaharia wa kulishwa mezani kwa nahodha. Walikuwa watu wenye mifuko, nao walikuwa na siku moja au mbili za kupoteza. Kwa ajili yao barabara kuu ya mji, La Canebière, ambayo jina lake limetokana na katani, maana zamani ilikuwa mahali pa kusokotea kamba za vyombo, ilijaa mikahawa yenye vioo vikubwa na taa za gesi, ikasimama hoteli ambayo lango lake lilibebwa na sanamu nne za kike zilizochongwa kwa mfano wa mabara manne, Afrika ikiwa mojawapo. Mwandishi wa Marekani, Mark Twain, aliyefika mwaka 1867 pamoja na kundi la wenziwe, aliandika baadaye kwa mshangao kwamba katika mji ambao huuosha ulimwengu mzima kwa sabuni yake, mgeni hotelini hakuwekewa sabuni. Malalamiko madogo, lakini ndani yake mna jambo zito: mwenyeji alikuwa bado akidhani kwamba mgeni huja na vyake, na mgeni alikuwa ameanza kudhani kwamba amelipia kila kitu.

Ndipo chungu cha wavuvi kikavishwa nguo mpya. Kando ya barabara ya Corniche, ipitayo juu ya miamba ikiitazama bahari, kulikuwa na nyumba ya Roubion iitwayo La Réserve, na chini, kwenye gati ya Bandari ya Kale, nyumba ya Basso, na humo bouillabaisse iliandaliwa juu ya vitambaa vyeupe kwa watu ambao hawakupata kushika mshipi maishani mwao. Kamba koche wakaongezwa ili bei ipande. Mchuzi ukatenganishwa na samaki, ukaja kwanza peke yake, na vipande vya mkate vilivyokaushwa na kusuguliwa kitunguu saumu, na kitoweo kizito chekundu cha pilipili na mafuta kiitwacho rouille, maana yake kutu, kwa ajili ya rangi yake. Mwaka 1897 mpishi Jean-Baptiste Reboul alitoa kitabu chake cha mapishi ya Provence, ambacho kingali kikichapishwa mpaka leo, akataja aina za samaki zipatazo 40 ziwezazo kuingia katika chungu hicho. Watu wengine huona kwamba kupanda huko kwa cheo kulikiharibu chakula. Mimi sioni hivyo moja kwa moja, kwa kuwa mvuvi naye alipata mnunuzi wa samaki aliyekuwa akiwatupa. Lakini ni kweli kwamba tangu hapo mlaji hakujua tena chungu kinavyopikwa, na asiyejua huwa rahisi kudanganywa.

Nyumba ile ya Basso imeachiwa ukumbusho na mlaji mmoja wa ajabu. Walter Benjamin, mwanafalsafa wa Kijerumani wa kabila la Mayahudi, alikaa hapo jioni moja ya mwaka 1928, dirishani, bandari ikiwa chini yake, naye alikuwa ametumia bangi ili aichunguze akili yake mwenyewe ikitenda kazi, kama alivyoeleza katika makala aliyoitoa mwaka 1932. Aliagiza chaza dazeni moja, akataka na kitu cha pili, na alipoletewa orodha ya vyakula aliona vigumu kuchagua kimoja, akatamani kuagiza vyote kimoja baada ya kimoja, si kwa uroho tu, bali na kwa adabu, akichelea kuvivunjia heshima vile vyakula ambavyo angevikataa. Nimesoma maelezo mengi ya watu waliokula Marseille, waliosifu na waliolaani, na sijaona yanayoeleza vizuri zaidi ya hayo namna mgeni mpweke anavyoisoma karatasi ya vyakula katika mji wa watu, kila jina likimtazama kama mwenyeji anayemkaribisha.

Nyuma ya gati ile ile, hatua chache tu, kulikuwa na walaji wa namna nyingine. Mwaka 1929 Claude McKay, mzaliwa wa Jamaika, alitoa riwaya yake Banjo, na ndani yake watu weusi wa kila pwani, Wasenegali, watu wa visiwa vya Karibiani, Wamarekani walioachwa na meli zao, wanaishi siku kwa siku katika mitaa ya giza ya Bandari ya Kale, wakila mabaki waliyogawiwa na wapishi wa meli gatini, na siku ya fedha wakikaa pamoja katika vilabu vya mvinyo kula na kupiga ngoma. Ousmane Sembène wa Senegali, ambaye alikuwa mpagazi katika bandari hiyo kabla ya kuwa mtunzi na mtengeneza filamu, aliandika mwaka 1956 riwaya ya maisha ya wapagazi weusi wa mji ule. Ni haki kuyasema haya, kwa sababu vitabu vya wasafiri huusifu mchuzi wa zafarani na kusahau kwamba aliyeipakua zafarani na mkaa na ngano alikula nini. Na jambo la kustahi ni hili, kwamba katika vilabu vya maskini shaka niliyoitaja mwanzo haikuwako: mwenye klabu alikuwa baharia wa jana, mlaji alikuwa baharia wa leo, na mkopo uliandikwa kichwani.

Kisha vita vikaja. Baada ya Ufaransa kushindwa mwaka 1940, Marseille, ambayo kwa miaka miwili na kitu haikukaliwa na majeshi ya Ujerumani, ilijaa wakimbizi kutoka kila upande wa Ulaya, wakingojea viza, wakingojea meli, wakingojea ruhusa ya kutoka ambayo ikitoka ya kwanza hukuta ya pili imekwisha muda wake. Mkate uligawiwa kwa kadi. Mwandishi Anna Seghers, aliyekuwa mmoja wao na akapata meli mwezi wa Machi 1941, aliiandika hali hiyo katika riwaya yake Transit, na akaiweka simulizi yote katika nyumba ndogo ya kuuza piza kando ya Bandari ya Kale, ambamo msimulizi anamkaribisha mtu asiyemjua na kumpa hiari ya kukaa: aelekee bandari, au aelekee moto uliokuwa ukiokea piza. Chakula hicho kilikuwa cha Waitalia maskini wa mjini, waliokuwa wengi sana, nacho kilikuwa kigeni kwa wakimbizi wa Kijerumani, ambao walikiona kina sura ya keki wakadhani ni kitamu kama sukari, kumbe ulimi ukakutana na pilipili. Saa nzima waliweza kukaa pale kwa sahani moja. Katika tarehe yote ya mikahawa ya mji ule, sidhani kama meza zimewahi kubeba mzigo mzito kuliko huo, maana aliyekaa hapo hakuwa mgeni apitaye tu, bali mgeni aliyezuiwa asipite.

Mwezi wa Novemba 1942 Wajerumani wakaingia, na mwezi wa Januari 1943, kwa msaada wa polisi wa Kifaransa, wakaizingira mitaa ya kale iliyo upande wa kaskazini wa bandari. Watu zaidi ya 20,000 walitolewa majumbani mwao. Mayahudi karibu 800 waliokamatwa katika msako huo walipelekwa kambi ya mauaji ya Sobibor wasirudi. Na tangu tarehe 1 Februari majumba yapatayo 1,500 yakavunjwa kwa baruti, moja baada ya moja, mpaka kilima kikabaki uwanja wa vifusi. Vilabu alivyoviandika McKay, nyumba za wavuvi, majiko ya Waitalia, vyote vilikwenda katika majuma machache. Yule leo anayekaa kula samaki kwenye gati ya kaskazini, chini ya nguzo za mawe za majumba yaliyojengwa na Fernand Pouillon baada ya vita, na kuona jinsi palivyo pazuri, jua likipiga milingoti, amekaa juu ya kaburi la mtaa. Sisemi asile. Nasema ajue.

Mji ukajijenga upya, na watalii wa enzi mpya, waliokuja kwa magari na ndege, wakaja na njaa ile ile na ujinga ule ule wa mgeni. Nyumba nyingine zilishika uaminifu: katika Vallon des Auffes, hori ndogo chini ya Corniche ambayo jina lake limetokana na majani yaliyosokotwa kamba na nyavu, Chez Fonfon ilifunguliwa mwaka 1952 na ingaliko, mashua za wavuvi zikifungwa karibu na mlango wake. Lakini gatini palizuka uovu. Jina bouillabaisse likaandikwa katika kila ubao, na chini ya jina hilo mgeni akapewa samaki wa barafu kutoka bahari za mbali, mchuzi wa kopo, na rangi isiyokuwa zafarani. Akala, akalipa, akarudi kwao akasimulia kwamba chakula cha Marseille si kitu. Na kwa kweli hesabu ya chungu cha haki haina rehema: samaki ni wa aina nyingi, wengi wao hawafugwi, huvuliwa na mashua ndogo, na upepo wa mistral ukivuma siku tatu mashua hazitoki kabisa, ndiyo sababu nyumba za haki humtaka mgeni aagize siku moja kabla, tena aghalabu hazipiki kwa mtu mmoja.

Ndipo mwaka 1980 baadhi ya wenye mikahawa wa mji, wakiona jina la mji wao linauzwa rahisi, wakaandika mkataba. Waliahidiana samaki wasiopungua aina nne, kutoka katika orodha iliyotajwa kwa majina, rascasse akiwamo, na mkunga, na yule aitwaye Mtakatifu Petro, na wengineo. Wakataja mafuta ya zeituni, shamari, nyanya, viazi, kitunguu saumu na zafarani ya kweli. Wakaandika kwamba mchuzi na samaki huandaliwa mbalimbali, na kwamba samaki hupasuliwa mbele ya wageni. Mkataba huo si sheria ya serikali, wala hakuna kadhi wa kumhukumu auvunjaye. Ni ahadi ya watu wa kazi moja kwa watu wasiowajua, nami nauona kuwa na uzito kuliko nyota wanazopewa wapishi, ingawa nyota nazo zimefika: mwaka 2008 Gérald Passedat, katika nyumba iliyoanzishwa na wazee wake mwaka 1917 juu ya miamba ya Corniche, alipata nyota tatu za Michelin, na katika orodha yake bouillabaisse imegawanywa, ikaja mezani kwa hatua mbalimbali, bahari ya kina kifupi ikitangulia na bahari ya kina kirefu ikifuata.

Wakati huohuo mji wa kila siku umeendelea kula kwa namna yake. Katika mtaa wa L'Estaque watu hununua panisse, vipande vya unga wa dengu vilivyokaangwa, ambavyo mtoto wa Mombasa aliyelelewa kwa bajia hatahitaji kufundishwa kuvila. Piza huuzwa njiani katika magari yenye tanuri ndani yake. Na katika soko la Noailles mtu hununua bizari, bamia, tende na muhogo, akizungumza lugha yoyote aliyokuja nayo.

Na miongoni mwa lugha hizo imo moja ambayo sikio letu huitambua. Wangazija, ambao babu zao walitujia Unguja na Mombasa wakawa maalimu, mafundi na mabaharia, waliingia pia katika meli za Kifaransa za Messageries Maritimes, wengi wao wakiwa wapakia makaa katika vyumba vya moto, na bandari ya nyumbani ya meli hizo ilikuwa Marseille. Walioshuka wakawaita ndugu zao, hasa baada ya visiwa vyao kupata uhuru mwaka 1975, na leo jamaa zao katika mji ule ni makumi ya maelfu. Mikahawa yao si mingi, na mtalii haioni. Kula kwao kukubwa ni katika kumbi za kukodi siku za Jumamosi na Jumapili, wakati wa arusi na wa michango ya ada kubwa, ile ndoa kuu ambayo mwanamume wa Ngazija huiwekea akiba maisha yake yote na ambayo fedha zake nyingi huchumwa Marseille zikatumwa visiwani. Huko akina mama huamka usiku. Hupika wali wa nazi na pilau, na mataba, ambayo ni majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa tui, na samaki walionunuliwa asubuhi Bandarini kwa wake za wavuvi, penye gati ambayo zamani iliitwa Quai des Belges, mahali pale pale zinapofika mashua za wenye bouillabaisse. Hakuna karatasi ya bei, wala samaki hawapelekwi mezani kuonyeshwa kabla hawajapikwa, kwa kuwa kila aliyekaa ukumbini humjua mpishi, na nyumba ya mama yake, na kijiji chake. Mwisho huletwa mkate wa mchele na nazi, uliomiminwa mzito katika chombo cha duara na kuokwa moto juu na moto chini mpaka ukawa wa rangi ya hudhurungi, nao huukata vipande wakiutaja kwa jina ambalo Mzanzibari akipita mlangoni atageuka kulisikiliza: mkatra siniya.